Nguzo hufia kiunoni: mti, zege, chuma au plastiki kwa uzio wa kinamasi?

Ng'oa nguzo ya mti iliyokaa miaka kumi kwenye ardhi chepechepe, ilaze chini uitazame. Kichwa bado kigumu, misumari imeshika. Mguu uliokuwa umezama kwenye tope jeusi nao mara nyingi utaukuta mzima, umelowa tu na unanuka tope. Pale kati, kuanzia usawa wa ardhi kushuka kama shubiri moja, ndipo palipokwisha: pamekonda kama kiuno cha nyigu, na ukipachoma kwa bisibisi inaingia hadi mpini. Sehemu kubwa ya nguzo hiyo haijaoza, ila kiuno kikishakwenda, kichwa na mguu vimebaki kuni.

Naanzia hapo kwa sababu anayetafuta nguzo za kukita majini huuliza: ipi haiozi kwenye maji? Swali hilo linampeleka kwenye duka lisilo lake. Maji peke yake hayaozeshi mti. Kuvu inayokula mbao inataka unyevu na hewa kwa pamoja. Ndani ya tope lililojaa maji hewa ni haba mno, kuvu haistawi. Juu kabisa hewa ipo tele lakini jua na upepo hukausha mti. Unyevu na hewa vinapokutana, pale kiunoni, kuvu inapata kila inachokitaka.

Ushahidi wake uko kwenye maziwa ya Ulaya yanayozunguka milima ya Alps. Majira ya baridi ya 1853 kuingia 1854, maji ya ziwa Zurich nchini Uswisi yalishuka sana, na kwenye tope vikajitokeza vigingi vya makazi ya watu wa kale. Leo maeneo 111 ya aina hiyo yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, na ya kale zaidi yanarudi hadi kama mwaka 5000 kabla ya Kristo. Ni miti tu, haikupata dawa ya kiwandani. Lakini kilichobaki ni miguu. Viuno na nyumba zilizokuwa juu yake vilipotea zamani. Kasri la kifalme la Amsterdam nalo limesimama juu ya nguzo 13,659 za mti zilizopigiliwa ardhini katika karne ya 17, na huko wanachokihofia ni maji ya ardhini kushuka, vichwa vya nguzo vikaonja hewa.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, pima kiuno cha eneo lako. Chomeka fimbo yenye alama kila sentimita 10, soma maji yanapokuwa juu, usome tena yakishuka. Tofauti ikiwa sentimita 10 au 15, kiuno ni kifupi na karibu kila nguzo nzuri itakuvusha. Ikiwa mita nzima, una kiuno cha mita nzima kinacholowa na kukauka, kinalowa na kukauka, na hapo ndipo nguzo hutofautiana. Halafu jiulize mengine matatu: maji ni ya chumvi au baridi? Tope lina kina gani kabla ya kufika udongo mgumu? Na je, kuna samaki, mifugo au watu wanaoyategemea maji hayo?

Mti uliotiwa dawa

Hii ndiyo nguzo inayonunuliwa kwa wingi na inayodanganya kwa wingi. Ikitengenezwa ipasavyo, mti uliokauka hufungiwa ndani ya tangi, hewa hufyonzwa kutoka kwenye vinyweleo vyake, kisha dawa inasukumwa ndani kwa mgandamizo. Njia hiyo ni ya zamani. Mwingereza John Bethell aliiandikishia hataza mwaka 1838, akitumia kreosoti, mafuta mazito yatokanayo na lami ya makaa ya mawe. Iliyoenea baadaye ni ile ya rangi ya kijani, mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki: shaba inazuia kuvu, aseniki inazuia mchwa na kuvu sugu isiyojali shaba, kromu inavifunga viwili hivyo kwenye mti visioshwe na mvua. Marekani iliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani kuanzia mwisho wa 2003 kwa sababu ya aseniki, na siku hizi ziko dawa za shaba zisizo na aseniki.

Kupaka kwa brashi ni kazi nyingine kabisa. Dawa ya brashi inabaki kwenye ngozi ya mti, na ufa wa kwanza ukitokea kuvu inapita. Oili chafu ya gari ndiyo usiiguse kabisa: haiingii ndani, na sehemu inayotoka inaishia majini. Kuchoma mguu wa nguzo motoni ni ushauri wa wazee ambao siutetei pia. Ule mkaa hauozi, ni kweli, lakini hupasuka, na mti ulio chini yake haujapata kinga yoyote. Umepunguza unene wa nguzo yako bure.

Rangi ya kijani haithibitishi kitu. Muulize muuzaji nguzo imetiwa dawa kwa matumizi gani. Kwa viwango vya Ulaya, daraja la 3 ni la mbao zilizo nje bila kugusa ardhi, la 4 ni la kugusa ardhi au maji baridi, la 5 ni la maji ya bahari. Nguzo ya daraja la 3 ukiichimbia kinamasini, umenunua rangi. Kama unanunua nyingi, omba moja ukaikate. Usikate nchani, maana nchani dawa huingia kwa urahisi kupitia vinyweleo hata kama kazi ilikuwa mbovu. Kata karibu na katikati. Unachotaka kuona ni duara pana la rangi linalozunguka nguzo bila kukatika. Ukiona mstari mwembamba kama wa kalamu, na penginepo haupo, rudisha.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi. Kwa nguzo ya dawa, chagua gogo la mviringo, lenye sehemu yake nyeupe ya nje pande zote. Ile nyeupe ikiachwa bila dawa huoza upesi kuliko yote, lakini ndiyo inayonywa dawa vizuri, kwa hiyo inakuwa kama shati linalofunika mwili mzima. Nguzo ya mraba iliyopasuliwa kutoka katikati ya gogo ina nyuso ambazo ni moyo wa mti mtupu, na moyo mara nyingi hukataa dawa. Kwa mti mgumu wa asili, usiotiwa dawa, mambo ni kinyume kabisa, nitakuja huko.

Ukilazimika kukata nguzo ya dawa, kata kichwa. Ncha uliyoikata imefungua mti usio na dawa, na mti huo haupaswi kuelekea ardhini. Vipande vilivyobaki visiende jikoni, kwa kuwa majivu ya mti wa aseniki ni sumu. Na kama maji yako yana samaki, nguzo iliyotoka kiwandani ikiwa bado inatiririka isiingie humo. Iache ikauke na dawa ishike. Hata hivyo shaba kidogo itaendelea kutoka, nayo viumbe wa majini huihisi kwa kiasi kidogo sana. Kwenye mto unaopita si tatizo kubwa. Kwenye bwawa dogo lililotulia, mimi ningetafuta nguzo nyingine.

Na misumari? Dawa za shaba hula chuma cha kawaida. Tumia misumari na vibanio vya waya vilivyochovywa kwenye zinki, au visivyoshika kutu kabisa.

Mti mgumu usio na dawa

Watu wa mbao barani Ulaya huigawa miti katika madaraja matano ya ukinzani wa kuoza, ambayo si yale ya dawa: hapa la 1 ndilo bora. Daraja la 1 ni mti ambao kijiti chake kikigusa ardhi huvuka miaka 25, la 2 ni miaka 15 hadi 25, la 3 miaka 10 hadi 15, la 4 miaka 5 hadi 10, na la 5 haufiki mitano. Hesabu hizo ni za vijiti vyembamba, kwa hiyo nguzo nene hudumu zaidi. Lakini zinahusu moyo wa mti tu, ile sehemu ya ndani yenye rangi nzito. Sehemu nyeupe ya nje ya mti wowote, hata wa mvule, hata wa msaji, ni daraja la 5. Nguzo nyembamba ya mti mchanga, nyeupe tupu, haina thamani ya jina lake. Kwa hiyo hapa chagua iliyochongwa au kupasuliwa nyeupe ikaondoka.

Mvule, msaji uliokomaa, mtarakwa na robinia zinafaa ardhi yenye maji. Azobe ya Afrika Magharibi ni nzito kiasi kwamba kipande chake huzama, na Uholanzi huitumia kwenye malango ya mifereji. Mkaratusi ni jina la mamia ya miti: mmoja hudumu, mwingine unaliwa upesi, na muuzaji akikuambia "ni mkaratusi" tu, hajakuambia kitu. Mikoko inajulikana kwa ugumu, lakini nchi nyingi zimeweka masharti ya kuikata, tena ndiyo inayoshika ufuko usimomonyoke.

Faida ya moyo wa mti ni kwamba haupakwi sumu ya kiwandani, na ukikatwa popote ni uleule. Kasoro ni kuupata. Miti hii hukua polepole, na nguzo nyingi zinazouzwa kwa majina hayo zimetoka kwenye miti michanga ambayo moyo wake bado haujakomaa.

Zege

Zege halina cha kuliwa na kuvu wala mchwa. Kiuno chake kimejificha ndani: ni nondo. Zege jipya lina asili ya alikali kali, na hiyo ndiyo inayomlinda nondo asishike kutu. Maji yenye chumvi yakipenya, au hewa ikilidhoofisha zege kwa miaka, ulinzi unaisha. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inalipasua zege kutoka ndani. Ukiona ufa mrefu unaofuata nondo na doa la kahawia, nguzo hiyo imeshaanza safari.

Basi unachokinunua kwenye nguzo ya zege ni unene wa zege kati ya nondo na maji. Tazama nchani: ncha za nondo zikionekana karibu na ukingo, acha. Sentimita 2.5 ni kiasi cha chini kwa ardhi ya kawaida, na kwa maji ya chumvi dai 4 hadi 5. Nguzo nyembamba ya sentimita 8 kwa 8 haiwezi kukupa 5 kila upande ikabakiza nafasi ya nondo, kwa hiyo kwa bahari ni ama nguzo nene au hapana.

Halafu kuna uzito. Chukua nguzo ya sentimita 10 kwa 10, urefu mita 2.4. Ujazo wake ni lita 24. Ya msonobari mkavu ina takriban kilo 12. Ya plastiki ya polithini iliyojaa ndani, kilo 23. Ya zege, karibu kilo 58. Bomba la chuma la kipenyo cha milimita 60 na unene wa milimita 3, kwa urefu uleule, ni kilo 10 hivi. Watu wawili waliozama tope hadi magotini wanaweza kuibeba ile ya kilo 58, lakini waulize baada ya nguzo ya ishirini. Kwenye tope laini uzito huo unaendelea kufanya kazi hata baada ya kukita: nguzo inashuka, inalala upande, na waya unalegea. Wala haipigiliwi kwa nyundo, inapasuka kichwa.

Chuma

Nguzo ya chuma inaingia ardhini kwa urahisi kuliko zote, na kwenye ardhi chepechepe isiyo na chumvi ile iliyochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa ni nguzo ya heshima. Zinki hujitoa mhanga: inaliwa yenyewe kwanza, chuma kikabaki. Ile iliyopakwa zinki nyembamba ya kung'aa, au rangi tu, haifanani nayo. Ya kuchovywa huwa na uso wa kijivu, wakati mwingine na matone yaliyoganda.

Chuma nacho hufia kiunoni, kwa sababu ileile ya maji kukutana na hewa. Huliwa haraka zaidi kwenye udongo wa mboji wenye asidi na kwenye chumvi. Bomba lazima lizibwe kichwa. Bomba wazi hukusanya mvua, na kutu inakula kutoka ndani wakati nje bado panang'aa. Ukichimbia kwa zege, zege lipande juu ya maji na umbo lake liwe la mgongo, maji yateremke yasituame shingoni.

Ndani ya maji ya bahari nisingeweka nguzo nyembamba ya chuma kwa zinki yoyote ile.

Plastiki

Nilikuwa naidharau. Nguzo za plastiki iliyosindikwa upya zinauzwa kwa sura mbaya, nyeusi au kahawia, lakini kiunoni hazina mpinzani: kuvu, mchwa, chumvi, kulowa na kukauka, hakuna linalozihusu. Hazitoi shaba kwa samaki. Ule weusi mara nyingi ni masizi yaliyochanganywa humo, nayo huikinga plastiki na jua.

Udhaifu wake ni mgongo. Mti wa kawaida una ukakamavu wa takriban mara kumi ya polithini, kwa hiyo nguzo ya plastiki yenye unene uleule inapinda, na kwenye joto inapinda zaidi. Waya uliokazwa kwelikweli ukiufunga kwenye nguzo ya kona ya plastiki, baada ya muda utaiona imeinama kama anayesalimia. Tena polithini ni nyepesi kuliko maji kidogo, hivyo haina uzito wa kuituliza. Ikikaa kwenye tope laini na maji yakapanda, kinachoishikilia ni msuguano wa tope tu. Itoboe kwanza kabla ya kupiga skrubu, na iwekee nafasi ya kutanuka kwa joto. Moto wa nyasi ukipita, hutakuwa na uzio.

Mianzi isiyotiwa dawa ikigusa ardhi hudumu mwaka mmoja hadi mitatu, ni ya uzio wa muda. Vigingi hai, kama vya mti wa wilo unaopenda maji, ndivyo pekee vinavyoongezeka nguvu vikikaa, ila vinataka kupogolewa, na mizizi yake ikae mbali na mabomba.

Chumvi inabadilisha hesabu

Yote niliyosema kuhusu mguu kubaki mzima ni ya maji baridi. Baharini na kwenye milango ya mito yupo kiumbe mrefu kama mnyoo, kwa kweli ni jamaa ya chaza, anayetoboa mbao iliyo chini ya maji na kuila kutoka ndani. Nje unaona vitundu kama vya sindano, ndani pamekuwa sega. Mwaka 1731 Waholanzi waligundua kwamba mbao zilizokinga kuta zao za bahari zimeliwa naye, wakalazimika kuhamia kwenye mawe yaliyoletwa kutoka nje. Kwa hiyo kwenye chumvi hakuna mguu salama. Hapo ni plastiki, zege nene, mti uliotiwa dawa ya daraja la 5, au mbao chache sana kama grinhati ya Guyana, ambayo huyo mtobozi huishinda kwa shida.

Kuikita

Nguzo nzuri iliyokitwa vibaya ni hasara mbili. Kwenye ardhi ya maji, kupigilia kunashinda kuchimba. Shimo linajaa maji na kuta zake zinaporomoka, unarudishia uji badala ya udongo. Nguzo iliyopigiliwa inasukuma udongo pembeni na udongo unaikumbatia. Kanuni ya kuzamisha theluthi moja ya nguzo ardhini ni ya ardhi ngumu. Kwenye tope, sukuma nondo ndefu kwa mkono mpaka ikatae, upime, kisha theluthi hiyo uihesabu kuanzia pale ilipokataa.

Kokoto chini ya nguzo "zipitishe maji" zina maana tu ikiwa maji ya ardhini yako chini ya kokoto. Kama yako juu, yapite yaende wapi? Na kuuvalisha mti kola ya zege ni kuujengea kikombe: mti unasinyaa, mwanya unabaki, maji yanakaa humo kiunoni.

Ningefanyaje mimi? Maji baridi, usawa usiobadilika sana: magogo ya dawa ya daraja la 4, yamepigiliwa. Bwawa la samaki lililotulia: moyo wa mti mgumu kwenye kona, plastiki katikati. Nguzo za zege zingefaa pia kama chini ni pagumu, ila zikomae siku 28 kwanza, maana alikali ya zege bichi huwadhuru samaki. Maji yanayopanda na kushuka mita nzima: plastiki nene kwenye mstari, lakini kona niziweke kwenye ardhi ngumu hata kama uzio utazunguka. Tope lisilo na mwisho: bomba refu la zinki au gogo refu, zege lisikaribie. Sioni sababu ya uzio mzima kuwa wa nguzo za aina moja. Kona na malango ndiyo yanayovuta waya, hizo zipewe nguzo ngumu, na zile za katikati zinashikilia tu.

Na pale uzio unapovuka kijito, usikite nguzo katikati ya mkondo hata moja. Mafuriko yakileta magogo na majani, nguzo hiyo inakuwa nanga ya takataka na inang'olewa pamoja na nguzo tano za jirani zake. Kita mbili imara kingo zote mbili, vuta waya mnene juu, ning'iniza vipande vya mti vifike karibu na maji. Maji yakija na uchafu wake vinainuka, yakipita vinarudi.